Namna ya Kukabiliana na Wasiwasi wa Muda Mrefu na Mashambulizi ya Hofu Ukiwa Mzazi Mwenye Shughuli Nyingi

Shambulio la hofu halichagui saa. Linaweza kumkuta mzazi amepiga magoti akimfunga mtoto kamba za viatu, akiendesha gari huku watoto wakigombana kiti cha nyuma, au usiku wa manane akiwa kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa. Moyo huanza kwenda mbio bila sababu inayoonekana, kifua hubana, vidole huingia ganzi, na wazo moja hufunika mengine yote: ninakufa, na watoto wananitazama. Mtu asiye na mtoto wa kumtunza anaweza kuondoka, akajifungia chumbani na kusubiri lipite. Mzazi hana nafasi hiyo, na ndiyo maana ushauri unaomtaka atenge saa nzima ya ukimya kila siku humfanya ajione ameshindwa hata kabla ya kuanza.

Nimeishi na hali hii kwa miaka mingi huku nikilea watoto. Ninayoyaeleza hapa ni yale yanayotumika katika tiba ya wasiwasi na ambayo yanaweza kufanywa na mtu ambaye mikono yake haiko tupu. Msingi wake ni mmoja, kwamba hofu hupungua nguvu pale mtu anapoacha kuikimbia, na jambo hilo hufanyika humo humo ndani ya shughuli za kila siku.

Anza kwa kupimwa

Kabla ya kuamini kwamba tatizo ni wasiwasi, nenda ukapimwe. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, pumu, kushuka kwa sukari mwilini na hata baadhi ya dawa huleta dalili zinazofanana sana na za shambulio la hofu. Wazazi wengi huahirisha kipimo hiki kwa sababu hospitali wamezoea kuiendea kwa ajili ya mtoto tu, na wao wenyewe hujiweka mwisho wa foleni. Usifanye hivyo. Mweleze daktari dalili zilianza lini, hudumu kwa dakika ngapi, hutokea ukiwa unafanya nini, unakunywa kahawa kiasi gani na unatumia dawa zipi. Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi kwenye mkono, shingo au taya, yanayokuja ukijitahidi kimwili au yanayoambatana na kuzimia, pamoja na udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, hayo ni ya kukimbizwa hospitali mara moja, hata kama umewahi kupata mashambulizi ya hofu mara mia.

Ukishapimwa ipasavyo na kuambiwa kwamba mwili ni mzima, lipokee jibu hilo. Kurudia vipimo vile vile kila mwezi pasipo dalili mpya huleta nafuu ya siku mbili tatu, kisha shaka hurudi ikiwa na njaa zaidi.

Wala usione aibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na matatizo ya wasiwasi, na hakuna kundi jingine la matatizo ya akili linalowapata watu wengi kama hilo. Wataalamu huzungumzia wasiwasi wa kudumu pale mtu anapohangaika siku nyingi kuliko siku anazotulia, kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na akashindwa kuudhibiti. Huzungumzia tatizo la mashambulizi ya hofu pale mashambulizi yanapojirudia bila kutarajiwa, na baada yake mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiogopa jingine au akibadili mwenendo wake ili lisitokee. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na wazazi wengi niliozungumza nao wako hivyo.

Kinachotokea mwilini

Sehemu hii usiiruke, kwa sababu mtu anayeelewa kinachotokea mwilini mwake huwa amekwisha kupunguza nusu ya hofu. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza mwaka 1915 jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Homoni iitwayo adrenalini humwagwa kwenye damu, moyo husukuma kwa kasi ili misuli ipate damu ya kutosha, jasho hutoka ili mwili usipate joto kupita kiasi, na tumbo huvurugika kwa sababu usagaji wa chakula huwekwa kando. Katika shambulio la hofu maandalizi hayo hayo hufanyika ilhali hakuna hatari. Kengele inalia kweli, lakini nyumba haiungui.

Pumzi nayo ina kisa chake. Ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya ukaa hupungua kwenye damu na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo. Ndipo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na hisia kwamba vitu vinavyokuzunguka viko mbali au si halisi. Mtu huyo huhisi anakosa hewa, ingawa kwa kweli anayo ya kutosha, kwa hiyo huvuta nyingine kwa nguvu na kuzidisha kile kile kinachomsumbua. Wengi huogopa kuzimia, lakini kwa kawaida kuzimia huja shinikizo la damu linaposhuka, na wakati wa hofu shinikizo hilo hupanda, kwa hiyo ni nadra mtu kuzimia kwa sababu ya shambulio lenyewe.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza David Clark alieleza mzunguko unaofanya hisia hizi zigeuke kuwa shambulio kamili: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, hulitafsiri kuwa ni janga, tafsiri hiyo humwogopesha, hofu huongeza badiliko lile, naye huona amepata ushahidi. Mzazi aliyelala kwa muda wa saa 4 tu, aliyepanda ngazi akiwa na mtoto begani, ana mabadiliko mengi ya namna hiyo kila siku, na kila moja ni mlango ambao mzunguko huo unaweza kuingilia. Shambulio lenyewe hufikia kilele kwa kawaida ndani ya dakika 10, kisha hushuka, kwa sababu mwili hauwezi kuendelea kuwa katika hali hiyo bila kikomo. Hushuka hata usipofanya lolote.

Shambulio linapokukuta ukiwa na mtoto

Jambo la kwanza ni usalama wa mtoto, na hilo lisikuchukue zaidi ya nusu dakika. Mtoto mchanga mlaze kwenye kitanda chake au sakafuni mahali pasipo na kitu cha kumdhuru. Kama unaendesha gari, punguza mwendo na uegeshe pembeni. Kama kuna moto jikoni, uzime. Mtoto anayeelewa maneno mwambie sentensi moja fupi kwa sauti ya kawaida, kwa mfano: «Mama anahitaji kukaa kidogo, mwili wangu umeshtuka, utatulia sasa hivi.» Usianze kueleza mengi, na usitoroke chumbani bila neno, maana ukimya wa ghafla humtisha mtoto kuliko ukweli mfupi.

Kisha litaje jina lake ndani ya moyo wako: hili ni shambulio la hofu, nimewahi kulipata, litapanda na litashuka. Shusha mabega, legeza taya na kunjua vidole. Pumua kwa pua taratibu ukihesabu hadi 4, kisha toa pumzi ukihesabu hadi 6, bila kujaza kifua. Kinachotuliza zaidi ni kule kutoa pumzi polepole, kwa sababu moyo hupunguza kasi kidogo kila unapotoa pumzi, na wanaoambiwa «vuta pumzi kubwa» mara nyingi huzidiwa. Usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Ushauri huo wa zamani ni hatari kwa mtu ambaye tatizo lake ni moyo au pumu na hajui.

Kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa muda mrefu, nalo ni kuitumia pumzi kama silaha. Nilikuwa nahesabu kwa hasira, nikikagua kila sekunde kama moyo umetulia, na ukaguzi huo ulikuwa hofu nyingine. Pumzi itumike kumsindikiza mtu mpaka wimbi lipite. Waruhusu moyo kudunda na mikono kutetemeka, kisha rudisha macho kwenye kile ulichokuwa unafanya: kamba ya kiatu, kikombe unachoosha, ukurasa unaomsomea mtoto. Fanya polepole, lakini endelea. Mtoto aliyeko mbele yako, ambaye ulidhani ndiye anayekuzuia kupata nafuu, anaweza kuwa msaada mkubwa hapa, kwa sababu kumwuliza rangi ya kila kitu kilichoko chumbani au kuhesabu vidole vyake pamoja naye huirudisha akili kwenye chumba ulichomo.

Baada ya shambulio utachoka kana kwamba umetoka kazi nzito. Kunywa maji, keti ukiweza, lakini kama ulikuwa sokoni, mkutanoni au safarini usikimbilie nyumbani hofu ikiwa bado iko juu. Baki hata dakika chache mpaka ishuke, ndipo uondoke. Ukiondoka katika kilele, ubongo hujifunza kwamba kuondoka ndiko kulikokuokoa, na mara ijayo utaondoka mapema zaidi.

Kukwepa kunakojificha ndani ya malezi

Hapa ndipo wasiwasi wa muda mrefu hukaa, na hapa ndipo inafaa uweke nguvu zako nyingi. Kukwepa kwa mtu mwingine huonekana wazi: hapandi basi, haingii lifti. Kukwepa kwa mzazi huvaa vazi la uangalifu. Huamka mara sita usiku kusikiliza kama mtoto anapumua, hupiga simu shuleni kuuliza jambo aliloliuliza asubuhi, humnyima mtoto ruhusa ya kucheza mbali kidogo, huandika dalili za mafua kwenye intaneti hadi akutane na ugonjwa wa kutisha, humwuliza mwenzake mara kwa mara, «Una hakika yuko salama?» Jirani husifu mzazi kama huyo. Yeye mwenyewe anajua kwamba kila ukaguzi humtuliza kwa muda mfupi zaidi kuliko uliotangulia.

Chukua karatasi, uandike mambo unayoyakwepa na ukaguzi unaourudia, kisha uyapange kutoka lile linalokutia hofu ndogo hadi kubwa. Anza na la chini. Kama unaamka mara sita, amka mara nne kwa wiki moja, halafu mbili. Kama umeacha kuhudhuria mikutano ya wazazi kwa kuogopa kupata shambulio mbele ya watu, hudhuria dakika 15 za mwanzo ukiwa umekaa karibu na mlango, mara ijayo dakika 30, na mara nyingine keti katikati. Usipande ngazi ya pili kwa sababu tu siku zimepita. Panda pale ya kwanza inapoanza kukuchosha badala ya kukutisha. Tegemea kwamba hofu itakuwapo, kwa maana zoezi lisilo na hofu hata kidogo halifundishi kitu.

Wapo wanaoogopa zaidi hisia za mwili wenyewe, na kwao wataalamu hutumia mazoezi ya kuzileta kwa makusudi: kukimbia papo hapo kwa dakika 1 ili moyo uende mbio, au kuzunguka kwenye kiti ili kizunguzungu kije, kisha kukaa nazo bila kuzizuia mpaka ziishe zenyewe. Ni mazoezi yanayofaa mzazi asiye na muda, tena mtoto anaweza kukimbia pamoja nawe akidhani ni mchezo. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au ujauzito asiyafanye kabla ya kuzungumza na daktari.

Wasiwasi usiokoma wa kila siku

Mashambulizi huja na kuondoka, ila kuna ule wasiwasi wa chini chini unaokaa siku nzima kama redio ambayo hakuna anayeizima. Kwa huo ipo mbinu iliyofanyiwa utafiti na mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake, ambao waliichapisha mwaka 1983: kuutengea wasiwasi nusu saa kila siku, saa ile ile na mahali pale pale, na kuahirisha hadi wakati huo kila wazo linalojitokeza nje yake. Kwa mzazi nusu saa ni nyingi. Dakika 15 zinafaa, mradi zisiwe za kitandani. Wazo linapokuja mchana, liandike kwa maneno machache na uendelee na kazi. Saa ikifika, soma ulichoandika. Utakuta mengine yamekwisha poa. Yaliyobaki yagawe mafungu mawili: yale yenye hatua unayoweza kuichukua, kama kumpeleka mtoto apimwe macho, andika hatua hiyo na siku yake; na yale yanayoanza na «je, ikitokea» na hayana hatua yoyote, yasome kwa sauti, uyaache hivyo hivyo bila majibu. Kuyaacha bila majibu ni kugumu mwanzoni, lakini hilo ndilo zoezi lenyewe.

Kuhusu mwili nitasema machache, kwa kuwa mengi yake unayajua. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai, huongeza mapigo ya moyo na mtetemeko, na baada ya saa 5 hivi karibu nusu yake huwa bado imo mwilini, kwa hiyo mwenye mashambulizi ajaribu kuipunguza hatua kwa hatua na kuiacha kabisa kuanzia mchana. Pombe hutuliza usiku na kurudisha wasiwasi kwa riba asubuhi. Kutembea kwa kasi, hata ukisukuma kigari cha mtoto, ni mazoezi halali. Usingizi ambao mtoto mchanga ameukata hauwezi kurudishwa kwa mawaidha. Unahitaji mtu wa kushika zamu, na hilo linatupeleka kwenye watu.

Watoto, mwenzako na watu wa karibu

Watoto huona. Mtoto wa miaka 3 hajui neno wasiwasi, lakini anajua uso wa mzazi wake, na asipopewa maelezo hutunga yake, ambayo mara nyingi humfanya yeye kuwa chanzo. Kwa hiyo mweleze akiwa ametulia nawe ukiwa umetulia, kwa kipimo cha umri wake. Mdogo atatosheka kusikia kwamba mwili wa mzazi wakati mwingine hushtuka bila sababu, kwamba hauumwi sana, na kwamba si kosa lake. Mkubwa anaweza kuelezwa habari za adrenalini na jinsi hofu inavyopanda na kushuka, na pengine atakushukuru, kwa sababu wasiwasi una tabia ya kutembea katika familia, kwa kurithiwa na kwa kuigwa, na huenda yeye naye ameanza kuuhisi. Anachohitaji kuona ni mzazi anayeogopa na bado anaingia kwenye lifti. Usimfanye mtoto mlinzi wako. Asiwe yeye wa kukuuliza kila asubuhi kama uko sawa, wala asizuiwe kwenda kucheza ili usibaki peke yako.

Mwenzako mwambie mapema afanye nini, kwa kuwa katikati ya shambulio hutaweza kueleza. Neno «tulia» halijawahi kumtuliza mtu. Mwombe amchukue mtoto, akae karibu nawe, aseme kwa sauti ya chini kwamba litapita, na asikushike kama hupendi kushikwa. Mwombe pia asikujibu kila unapotafuta hakikisho. Mnaweza kukubaliana kwamba swali lile lile litajibiwa mara moja kwa siku. Anayelea peke yake achague mtu mzima mmoja, ndugu, rafiki au jirani, na ombi lake liwe dogo na lenye saa. Ombi kama «Nichukulie mtoto Jumamosi kuanzia saa 4 hadi saa 6» husaidia kuliko kilio cha jumla kwamba umezidiwa.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Usisubiri uvunjike. Iwapo wasiwasi unakuzuia kufanya kazi, kulala, kutoka nje au kufurahia watoto wako, hiyo ni sababu tosha. Tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi ni ile inayoshughulikia fikra na tabia kwa pamoja, ambayo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache, na mara nyingi inaweza kufanyika kwa simu au kwa video mtoto akiwa amelala. Dawa zinazotumika kutibu sonona husaidia pia wasiwasi na mashambulizi ya hofu, lakini nafuu yake huonekana baada ya wiki kadhaa, siku za mwanzo zinaweza kuongeza mshtuko kidogo, na hazifai kuachwa ghafla. Zile za kutuliza za kundi la benzodiazepini hufanya kazi upesi, ila mwili huzizoea na kuzitegemea, kwa hiyo hupewa kwa muda mfupi na kwa uangalifu. Mjamzito na anayenyonyesha amweleze daktari hali yake ili wachague pamoja. Zipo dawa zinazoweza kutumika, na kuuacha wasiwasi mkali bila tiba kuna madhara yake.

Lipo jambo ambalo wazazi hulificha kuliko yote, hasa katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Ni mawazo ya ghafla ya kutisha, kama taswira ya kumwangusha mtoto au kumdhuru kwa kisu, yanayokuja bila kuitwa na kumwacha mzazi akitetemeka kwa karaha. Mawazo haya huwapata wazazi wengi, na kule kuyachukia na kuyaogopa huonyesha kwamba hayatoki katika nia yako. Mwambie daktari au mkunga kwa maneno yale yale yanavyokujia. Hali ni tofauti, na ni ya dharura siku hiyo hiyo, ikiwa mzazi anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, halali kabisa na hahisi kuhitaji usingizi, au anafikiria kujiua au kumdhuru mtoto na wazo hilo linaonekana kwake kuwa sahihi. Mtu huyo asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda mfupi, na apelekwe hospitali.

Shambulio linaporudi

Miezi inaweza kupita kimya, kisha shambulio likaja wiki ambayo mtoto anaugua na kazi zimejaa. Siku hiyo hiyo andika mistari mitatu: ulikuwa wapi, ulilala kiasi gani siku tatu zilizotangulia, na ulifanya nini lilipoanza. Angalia orodha yako ya mambo unayoyakwepa uone kama kuna lililorudi kimya kimya, maana mara nyingi ukaguzi wa usiku huwa umekwisha kuanza tena wiki kadhaa kabla ya shambulio lenyewe. Kisha panga kurudi mahali lilipokukuta ndani ya siku chache, ukiwa na mtoto yule yule kama alikuwapo, ukae hapo mpaka moyo utulie wenyewe.